Nguvu za Farasi Bila Akili ya Fundi ni Moshi Mtupu

Mtu apitaye Buzuruga, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, hakosi kusikia mlio wa nyundo na kunusa harufu ya dizeli. Siku moja nilisimama katika uwanja wa mafundi wa mahali hapo nikaliona trekta lililotolewa silinda hedi. Pistoni moja ilikuwa imetoboka katikati, mithili ya kibuyu kilichochomwa kwa chuma cha moto. Trekta hilo lilikuwa mali ya kikundi cha wakulima, na mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha.

Kisa chake kilikuwa kifupi. Wakati wa kiangazi wenye mali walilikodisha livute tela la mchanga. Mzigo ulipolishinda mlimani, walimwomba fundi “aifungue pampu” ili injini ipate nguvu zaidi. Fundi akaifungua. Nguvu zikapatikana, mchanga ukapanda mlima, na moshi mweusi ukatanda barabarani. Baada ya majuma machache injini ikafa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ni rahisi kumlaumu fundi yule. Lakini kosa hili halikuanzia katika mikono yenye grisi; aghalabu huanzia katika meza zetu sisi wasomi na watumishi wa umma. Trekta linapotafutwa, iwe ni na halmashauri, shule au chama cha ushirika, maswali yanayoulizwa kwanza ni mawili: lina nguvu za farasi ngapi, na bei yake ni kiasi gani? Majibu yakiridhisha, saini huwekwa. Huo ndio mwanzo wa safari ya kwenda kutupwa uani.

Yapo mashindano mahali pengine duniani ambayo yanaweza kutufunza jambo hapa. Huko Marekani na Ulaya watu hushindana kwa matrekta, nayo hayashindani kwa mbio bali kwa kuvuta. Trekta hufungwa nyuma yake sleji yenye sanduku la uzito mkubwa. Kadiri sleji inavyokwenda mbele, sanduku hilo husogea kulielekea trekta, na mzigo huzidi kuwa mzito mpaka injini ishindwe au mwisho wa njia ufikiwe, yapata meta 100. Mashindano ya namna hii kwa matrekta ya injini yalianza Marekani mwaka 1929, na mwaka 1969 kikaundwa chama cha taifa cha kusimamia kanuni zake.

Mjenzi wa injini ya mashindano hayo huchukua injini kubwa ya dizeli ya trekta la shamba, akaitaka itoe nguvu za farasi zaidi ya 1,000. Je, hupitia njia ya mkato ya kuifungua pampu? La hasha! Anajua kwamba injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia. Hewa ndani ya silinda hukandamizwa hadi kufikia sehemu moja ya kumi na sita au zaidi ya ujazo wake. Hewa hiyo hupata joto kali, na dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa, yasiyoungua hutoka yakiwa moshi, na joto la ziada hutafuta mahali pa kula. Mahali hapo ni pistoni.

Basi mjenzi huongeza hewa kwanza, kwa tabochaja moja au zaidi zinazosukumiana. Hewa iliyosongwa hupata moto, kwa hiyo huipoza, wengine kwa maji ya barafu. Msukumo ndani ya silinda unapozidi, hedi hutaka kunyanyuka; kwa hiyo hubadili bolti na gasketi. Kasi inapozidi, krenkshafti hutaka kukatika. Kwa hiyo huipima na kuiimarisha. Kila farasi anayeongezwa hulipiwa kwa chuma cha mahali pengine. Na baada ya gharama hiyo yote, injini hiyo huvuta kwa muda usiofika dakika moja, kisha hufunguliwa na kukaguliwa upya.

Hapa ndipo lilipo fundisho. Injini hujengwa kwa ajili ya kazi yake. Ile ya mashindano hujengwa kwa ajili ya dakika moja; ya mkulima wa Magu au Kwimba hujengwa kwa ajili ya misimu kumi. Anayeidai ya pili itende kama ya kwanza, bila kulipa gharama ya chuma, anaiua kwa makusudi hata kama hajui.

Walimu wa fizikia watanisaidia kueleza jambo moja zaidi. Nguvu za farasi hutokana na mambo mawili: nguvu ya kuzungusha, na kasi ya mizunguko. Injini mbili zinaweza kuandikwa kila moja nguvu za farasi 60. Ikiwa ya kwanza hutoa nguvu hizo kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, na ya pili kwenye mizunguko 4,000, basi hapo ya kwanza ina nguvu ya kuzungusha mara mbili ya mwenzake. Na injini njema ya kulimia ina tabia nyingine: jembe likikutana na udongo mzito na mizunguko ikapungua, nguvu yake ya kuzungusha huongezeka badala ya kuanguka. Msukuma anayelima kwa maksai hahitaji kuambiwa hayo. Hamchagui ng'ombe kwa mbio zake, humchagua kwa jinsi anavyoinamisha shingo jembe linapokwama.

Historia ya nchi yetu nayo inatuonya. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa ajili ya kulima karanga. Mengi yalikuwa chakavu, na mengine yalitokana na mabaki ya zana za vita. Yaliharibika haraka kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza, na mpango mzima ukafa baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Miaka ya 1980 tuliunganisha Kibaha matrekta ya Valmet ya Finland. Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland wa matrekta 2,400, nayo pia yalikusudiwa kuunganishwa Kibaha. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangazwa kufilisika huko kwao. Simwandami mtu kwa hayo. Nasema tu kwamba kiwanda kilicho mbali kinaweza kufa tukiwa bado na deni na shamba, na siku hiyo anayebaki na trekta ni fundi wa Buzuruga.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kamati ya ununuzi iulize maswali mengine kabla ya bei. Nguvu ya kuzungusha ya injini hii ni kiasi gani, na hupatikana katika mizunguko mingapi? Ringi, beringi, nozeli na chujio zake zinapatikana Mwanza leo, au zitasubiri meli? Je, ni injini ambayo mafundi wetu wameizoea? Trekta la nguvu za farasi 50 linalotengenezeka ni bora kuliko la 90 linalosubiri gasketi huku mvua zikipita.

Pili, vyuo vya ufundi na shule za sekondari zitoke nje ya ukuta. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake kwa mafundi waione pistoni iliyotoboka, waulize sababu, na wampe fundi hesabu ambayo hakubahatika kuisoma. Yule fundi ana masikio yanayotambua ugonjwa wa injini kwa mlio. Mwanafunzi ana kanuni. Wakikutana, taifa litapata mhandisi.

Tatu, tuanzishe mashindano yetu. Katika viwanja vya Nane Nane vya Nyamhongolo, si mbali na Buzuruga, matrekta ya vikundi vya wakulima yapambanishwe kwa kuvuta. Ila kanuni ziwe zetu. Kila trekta lipewe kiasi kilekile cha dizeli, na pampu iwe katika kipimo cha kiwanda. Mshindi awe yule aliyevuta mzigo mzito zaidi kwa umbali mrefu zaidi kabla dizeli haijaisha, na ambaye kesho yake asubuhi injini yake itawaka na kulima robo eka bila moshi mweusi. Tuzo apewe fundi.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni michezo ya matajiri. Huyo hajafika Bujora wakati wa Bulabo akawaona Bagika na Bagalu wakipimana ustadi wa ngoma mbele ya umati. Katika nchi hii ya Wasukuma mashindano yamekuwa shule kwa vizazi vingi, na hata jembe la mkono lina ngoma yake. Kinachokosekana ni kumpa heshima hiyo mtu anayeshika spana.

Trekta lile nililoliona bado liko moyoni mwangu. Wenyewe walirudi kwenye maksai, wakalima sehemu tu ya shamba walilokusudia. Hasara hiyo haikuandikwa katika jalada lolote. Ndugu watumishi na walimu, safari ijayo karatasi ya kununua trekta itakapofika mezani penu, kabla ya kuweka saini mwiteni fundi, mketi naye, mmwulize. Kuuliza si ujinga.