Usitie Saini Deni Litakalokufuata Uzeeni

Ikiwa umepita miaka 50, hujawahi kumiliki nyumba, na fomu ya mkopo inasubiri saini yako, iweke kando kwanza. Hatari iliyomo haionekani kwenye ukurasa wa kwanza.

Hapa Kenya, walimu, wauguzi na watumishi wa umma wengi hufikiria kununua nyumba baada ya kumaliza kusomesha watoto, miaka ya kustaafu ikiwa imekaribia. Hapo ndipo wanaposikia maneno matamu: rejesho halizidi sana kodi unayolipa, muda ni miaka 20, na ukistaafu kiinua mgongo kitamaliza deni. Tuyapime kwa hesabu.

Tuseme mtu wa miaka 52 anakopa shilingi milioni 4 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, alipe kwa miaka 20. Rejesho la mwezi ni kama shilingi 49,700. Akilipa bila kukosa hata mwezi mmoja hadi astaafu akiwa na miaka 60, atakuwa ametoa takriban milioni 4.78. Deni lililobaki? Karibu milioni 3.46. Jasho la miaka minane limepunguza mkopo kwa shilingi 540,000 tu, kwa kuwa katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho humezwa na riba. Mshahara umekoma, pensheni huenda ikachelewa, na rejesho la mwezi ujao liko palepale.

Akitaka kumaliza kabla ya kustaafu, rejesho linapanda hadi kama shilingi 69,500 kwa mwezi. Kama mshahara hauwezi kubeba kiasi hicho, basi nyumba hiyo ni kubwa mno kwake. Dawa ni kukopa kidogo. Kurefusha deni hakusaidii, wala kumwingiza mwanao awe mkopaji mwenza bila kumweleza kwamba mzigo utamwangukia.

Jihadhari pia na akiba ya uzeeni. Tangu 2020, kanuni zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, mradi kiasi hicho kisizidi shilingi milioni 7. Ruhusa hiyo inafaa pale inapokuachia nyumba isiyo na deni. Ukitoa asilimia hiyo yote iwe malipo ya awali, kisha ukope juu yake, umepunguza pensheni ileile uliyotegemea ilipe rejesho.

Kabla ya kusaini, idai benki jedwali la marejesho na utazame mstari mmoja: salio la mwezi utakaostaafu. Uliza kama riba inaweza kupanda. Uliza bima ya mkopo inalipa lini. Kwa kawaida hulipa ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, si ukistaafu. Ulizia kwenye benki au sacco mikopo yenye riba nafuu inayofadhiliwa na KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company). Fanya upekuzi wa hati miliki mwenyewe, au kupitia wakili wako, asiwe wakili wa muuzaji. Mwenzi wako naye aelewe vyema, kwa sababu nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini yake.

Uliyekwisha kusaini, usingoje kukwama. Nenda benki ungali na mshahara, uombe kuongeza rejesho au kulipa sehemu ya mkopo mapema, na uulize kama kuna ada. Ukishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki ikupe notisi ya miezi mitatu, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Ni muda mfupi sana kwa mzee asiye na mshahara kutafuta mamilioni.

Kununua nyumba ukiwa na miaka 52 si kosa, na hakuna aliyechelewa mno kuwa na kwake. Lakini rejesho la mwisho litangulie mshahara wa mwisho. Mkopo usiotimiza sharti hilo, ukatae, na umwonye mwenzako wa ofisini aliyepewa fomu kama yako.