Kicheko Kinachomwacha Jirani Nje

Mwaka 1990 wimbo mmoja wa rap ulivuma sana nchini Ufilipino. Mwimbaji wake, Andrew E., kijana mcheshi, aliwashauri wasikilizaji wake hivi: ukitaka kuishi kwa furaha, tafuta mpenzi mwenye sura mbaya. Hiyo ndiyo maana ya jina la wimbo huo kwa lugha ya Kitagalogi, "Humanap Ka ng Panget". Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya vichekesho yenye jina hilohilo, na mwimbaji mwenyewe akiwa nyota wake.

Tamthilia za Kifilipino zimekwisha kuingia sebuleni mwetu, na wengi tunaupenda ucheshi wa watu hawa. Hatuandiki kuwakataza waamini kucheka. Tarehe 14 Juni 2024 Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, akawashukuru kwa kazi yao. Kicheko ni zawadi ya Mungu. Lakini kila zawadi ina matumizi yake, na utani huu wa Andrew E. unafaa kupimwa.

Kwa haraka, ushauri wake unakaribia mafundisho yetu. Kitabu cha Mithali kinatuonya kwamba uzuri wa sura haudumu, na wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Tatizo liko kwenye sababu. Mzuri anakataliwa kwa kuwa ataumiza moyo na kuondoka. Mwenye sura mbaya anachaguliwa kwa kuwa hakuna mwingine atakayemtaka, hivyo atabaki. Hapo hapendwi yeye. Unapendwa usalama wa yule anayemchagua. Mtu amegeuzwa kuwa mali isiyoibika. Na sisi tunacheka.

Utatuambia, "Huo ni utani tu, mbona mnaukuza?" Tutajibu kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa mwaka wa kwanza wa malezi, tulimpa mwenzetu jina la utani kwa sababu ya meno yake. Alicheka pamoja nasi, lakini kila alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Tulidhani ni mazoea yake. Siku ya kupiga picha ya darasa hakuonekana. Tulimkuta kanisani, peke yake. Hakutulaumu hata kwa neno moja. Tangu siku hiyo tunajua kwamba anayecheka pamoja nawe si lazima awe amefurahi. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Maandiko Matakatifu yana habari ya mwanamke ambaye wimbo ule ungemfanya kichekesho. Katika Mwanzo sura ya 29, Yakobo anamtumikia Labani miaka saba ili ampate Raheli, aliyekuwa mzuri wa umbo na sura. Asubuhi baada ya arusi anagundua kwamba amepewa Lea, dada mkubwa, ambaye hakuwa amemwomba. Mchekeshaji angeishia hapo, watu wakavunjika mbavu. Biblia haiishii hapo. Inasema Mungu aliona kwamba Lea hapendwi, akamjalia watoto. Mmoja wao ni Lawi, ambaye ukoo wake ulipewa huduma ya ukuhani. Mwingine ni Yuda, na katika ukoo wa Yuda alizaliwa Daudi, na hatimaye Bwana wetu Yesu Kristo. Naye Mtumishi wa Mungu, anayeelezwa katika Isaya sura ya 53, hakuwa na uzuri wa kuwavutia watu wamtazame. Kanisa linamwona Kristo katika Mtumishi huyo. Basi, tunapocheka sura ya mtu, tuangalie tunamcheka nani.

Kwa vijana wetu wanaotafuta wachumba, tunasema wimbo ule una nusu ya ukweli: usichague sura. Nusu iliyobaki ni hii: usimchague mtu kwa hofu ya kuachwa. Ndoa ni sakramenti ya watu wawili wanaojitoa kwa hiari, na hakuna anayestahili kuolewa kama bima.

Kwa wenzetu mafrateri, jambo ni jepesi kulisema na gumu kulitenda. Kesho tutasimama mbele ya watu wa kila sura na kila umbo, na wengi wao wamekwisha kuchekwa shuleni, kazini, hata nyumbani. Wakija kwetu wakiwa wameziba midomo kwa viganja, wakute mahali wanapoweza kuishusha mikono yao. Kazi hiyo haisubiri daraja takatifu. Tuianze leo jioni, kwenye meza ya chakula, kwa kumwita kila mwenzetu kwa jina lake la ubatizo.