Kifua Kimefunikwa, Kichwa Ki Wazi

Simama asubuhi pale Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, uwatazame madereva wa bodaboda. Wengi wamevaa makoti mazito kinyumenyume: mgongo wa koti uko kifuani, vifungo viko nyuma. Wengine wamejifunga kipande cha turubai au ngozi kinachoanzia shingoni hadi mapajani. Waulize sababu, watakujibu bila kusita kwamba wanaogopa nimonia. Baridi ya Nyanda za Juu Kusini haina mzaha, nami sina ugomvi na koti. Lakini nimonia huletwa na vimelea, si upepo wenyewe, na kijana mwenye afya anayepanda kuelekea Isongole ana sababu kubwa zaidi ya kuliogopa jiwe la kando ya barabara. Kifua chake kimefunikwa mara mbili. Kofia ngumu, ambayo vijiweni huitwa elementi, imetundikwa kwenye usukani. Abiria wake hana hata ya kutundika.

Hofu hii ya kifua haikuzaliwa na mtu, ilifundishwa. Kina mama, wauguzi na walimu waliisema kwa miaka mingi mpaka ikageuka vazi. Kichwa hakijapata msemaji wa namna hiyo. Kimeachiwa askari wa usalama barabarani na faini zake, na kwa sababu hiyo kofia imekuwa jambo la kumkwepa askari badala ya kuwa jambo la afya. Naona sisi wa afya ndio tuliopaswa kukisemea.

Nililitafakari hili kwa kirefu Jumamosi moja niliposafiri kutoka Tukuyu hadi Matema, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, nusu ya safari kwa pikipiki na nusu kwa baiskeli. Asiyeijua njia hiyo amekosa jambo. Unaacha mashamba ya chai na migomba ya Rungwe katika ukungu, unateremka, na kila baada ya vilima vichache unavua vazi moja. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko kwenye mita 475 hivi. Ukifika bonde la Kyela umeingia nchi nyingine kabisa, ya mpunga, michikichi na mikakao. Mbele yako Milima ya Livingstone inasimama wima kana kwamba imechomoka majini.

Ipinda nilishuka kwenye pikipiki nikakodi baiskeli. Kwa mwendo wa baiskeli, ziwa halikupiti. Unalisikia kabla hujaliona. Nilipishana na wanaume waliofunga magunia ya mpunga nyuma ya viti, na mbele zaidi, upande wa Lyulilo, na wanawake waliotoka mnadani wamejitwika vyungu vya Wakisi vilivyofinyangwa ng'ambo ya Ikombe. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Saa mbili za kupiga pedali kando ya ziwa lile zinakupa dakika 120 kati ya hizo, na bado macho yanaona kuwa hayakutosheka. Wagonjwa wetu wa shinikizo la damu na kisukari ambao afya yao inawaruhusu wangefanya vyema kuikumbuka baiskeli, ambayo siku hizi imeanza kuonekana kama alama ya umaskini.

Barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, yenye kilomita 39 hivi, sasa ni ya lami. Ni neema kubwa: mjamzito wa Matema anafika Kyela bila kutikiswa, na mchele unafika sokoni. Lakini lami huleta pia mwendo. Pikipiki zilizonipita siku ile zilikwenda kasi ambayo barabara ya vumbi isingeiruhusu, baadhi zikiwa zimebeba mishikaki ya watu watatu, mtoto akiwa katikati. Hesabu za fizikia hapa hazina siri. Kugonga kitu kisichosogea ukiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 14, yaani kutoka kilele cha mchikichi mrefu. Ukipunguza mwendo hadi kilomita 30, urefu huo unashuka hadi mita tatu na nusu. Hakuna mgemaji ambaye angepanda mchikichi kwa wepesi ule ambao abiria hupanda bodaboda.

Kuhusu faida ya kofia, ushahidi umekusanywa kwa miaka mingi kutoka nchi mbalimbali. Uchambuzi wa kina wa taasisi ya Cochrane ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kufariki kwa asilimia 42 hivi, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Ni dawa chache tunazoandika kila siku ambazo zingeweza kujivunia namba kama hizo. Hata hivyo, kofia isiyofungwa mkanda kidevuni ni bakuli tu, itaruka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia ya mafundi ujenzi haikutengenezwa kwa kazi hii. Na ile iliyokwisha kugonga lami mara moja, sponji yake ya ndani imeshabonyea. Haifai tena hata kama rangi yake bado inang'aa.

Abiria wanaikataa, na sababu zao si za kipuuzi. Mama aliyesuka nywele jana hataki kuzivuruga. Kofia moja iliyovaliwa na watu ishirini tangu alfajiri inanuka jasho, na mtu anaogopa mapunye na chawa. Mapunye yanaweza kweli kuambukizwa kwa kuchangia kofia, hivyo hatuna haki ya kumcheka. Jibu letu liwe la vitendo: kitambaa chepesi cha pamba chini ya kofia, kila abiria na chake, na kofia ianikwe juani dereva anaposubiri wateja. Anayepanda bodaboda kila siku anunue kofia yake mwenyewe, kama anavyonunua mwavuli.

Ndugu zangu wa Iringa wasidhani nawasema watu wa ziwani tu. Mteremko wa kutoka mjini kushuka Ipogolo unajulikana, na wa Kitonga unajulikana zaidi. Kuna madereva wanaozima injini wakishuka ili kuokoa petroli. Wanachookoa ni vijiko vichache, na wanachotupa ni breki ya injini, ambayo kwenye mteremko mrefu ndiyo inayozipumzisha breki za magurudumu. Waendesha baiskeli waliobeba mkaa au ndizi hufanya zaidi ya hapo: breki zikichoka, kandambili ndiyo inayokandamizwa kwenye tairi. Na msimu wa ulanzi ukifika, nadhani sihitaji kuendelea.

Liko jambo moja ambalo ningependa kila msomaji alifikishe nyumbani kwake, maana huua watu waliokwisha kupona machoni pa jirani. Mtu anaanguka, anapoteza fahamu kidogo, kisha anainuka, anajikung'uta na kusema mzima. Watu wanashukuru Mungu, anapelekwa nyumbani kulala. Ndani ya fuvu mshipa umepasuka na damu inavilia taratibu kati ya mfupa na utando wa ubongo. Saa kadhaa baadaye ubongo hauna tena nafasi. Kwa hiyo aliyegonga kichwa asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usioamshika kwa urahisi, maneno yasiyoeleweka, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka puani au sikioni: lolote kati ya hayo ni la hospitali usiku huohuo, bila kusubiri kuche. Pale barabarani, usimvue kofia kwa kuivuta isipokuwa amekosa pumzi, usimpe maji ya kunywa, na usimkalishe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine. Shingo yake huenda imevunjika. Gari la mizigo lenye bodi tambarare linalochelewa kidogo ni bora kuliko bodaboda iliyo karibu.

Sasa narudi kwetu wenyewe. Mwaka 2004 nchi hii ilianza kuwapa wajawazito hati punguzo ya chandarua kliniki. Muuguzi aliuliza, akaandika, akakabidhi, na chandarua kikaacha kuwa bidhaa ya dukani tu. Kikawa sehemu ya matunzo. Hakuna sababu ya kofia kutopitia mlango huohuo. Mama anayekuja kliniki aulizwe amefikaje na kama alivaa kofia, kwa sauti ileile tunayomwuliza kama amelala ndani ya chandarua. Halmashauri na bima za afya zipige hesabu ya bei ya kofia moja dhidi ya wiki tatu za mgonjwa wodini, pamoja na ndugu wawili wanaomwuguza huku shamba likisubiri.

Kabla ya hayo yote, upo mlango wa hospitali. Karibu kila hospitali ya Mbeya na Iringa ina kijiwe cha bodaboda getini, nacho kinaishi kwa wagonjwa na watumishi wake. Uongozi ukikubaliana na madereva hao kwamba hapasimami pikipiki isiyo na kofia mbili, jambo hilo halihitaji bajeti wala sheria mpya. Lakini watakaopimwa kwanza ni wauguzi na madaktari wanaotoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, wakiwa ndani ya sare zao nyeupe, wanaokaa nyuma ya dereva aliyegeuza koti.