Ghala Halihifadhiwi kwa Picha

Lipo neno la kujifariji linalopendwa na wanaogeuza mashamba ya kale ya Uingereza kuwa makazi ya kisasa: kwamba ghala likishapimwa, likachorwa na kupigwa picha, basi limekwisha hifadhiwa, hata likivunjwa kesho yake. Neno hilo si kweli, na kanuni za nchi hiyo zenyewe hazilikubali. Mwongozo wa taifa wa mipango ya ujenzi wa mwaka 2012 ulitamka waziwazi kwamba uwezo wa kuweka kumbukumbu ya kitu cha kale usiwe sababu ya kuruhusu kipotee.

Kupima, kwa hakika, si kazi ya kubezwa. Taasisi ya Historic England imeipanga katika daraja nne, kuanzia kutazama kwa macho tu hadi uchambuzi kamili. Mpimaji hodari huingia ghalani kama msomaji wa muswada mkongwe. Alama zilizochanjwa na maseremala kwenye maungio humwambia ni boriti ipi ilikusudiwa kukutana na ipi. Matundu matupu yasiyo na kazi humjulisha kwamba mti huo ulikwisha tumika kwenye jengo jingine. Milango miwili mikubwa inayotazamana humwonyesha sakafu ya kupuria ngano, na njia ya upepo uliochukua makapi. Aliyewahi kuona mpunga ukipepetwa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Na juu kabisa ukutani huenda akakuta tundu la bundi. Ndege huyu, ambaye kilio chake cha usiku pwani hii huwatia watu wasiwasi, kule alitengenezewa mlango wake mwenyewe ili aingie kuwinda panya.

Lakini vipimo vina kikomo. Mwaka 1730 lilichapishwa shairi la Stephen Duck, kibarua wa mashambani huko Wiltshire, juu ya kazi ya kupura. Humo mna jasho, vumbi linalowageuza watu weusi, na kishindo kinachowanyima wapuraji hata faraja ya kupiga soga, ilhali mchunga kondoo anaweza kusimulia hadithi zake. Ni mchoro gani uliowahi kuonyesha ukimya wa namna hiyo? Ripoti inayohesabu nguzo na kumsahau aliyefanya kazi kati yake imehesabu mizani ya shairi ikaacha maana.

Ghala la Harmondsworth, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, latoa ushahidi. Lilijengwa kwa mwaloni mnamo mwaka 1426, urefu wake ni karibu mita 60, na mshairi John Betjeman alilifananisha na kanisa kuu. Lilikuwamo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa, na wataalamu walilijua vizuri. Yote hayo hayakulizuia kuchakaa hadi likahitaji matengenezo ya dharura. Lilinusurika kwa sababu lilinunuliwa mwaka 2011 na English Heritage, kwa pauni 20,000, kisha likatengenezwa na kufunguliwa kwa watu. Vigae na mafundi ndivyo vilivyoliokoa, wala si makabrasha.

Hilo lilikuwa na jina. Hatari kubwa zaidi inayakabili maghala madogo yasiyo na jina wala ulinzi. Tangu mwaka 2014, jengo la shambani lisiloorodheshwa, nje ya maeneo ya hifadhi, laweza kugeuzwa nyumba bila maombi kamili ya kibali. Wakuu wa eneo hukagua mambo kama barabara, kelele, mafuriko na sura ya jengo. Historia haimo katika orodha hiyo. Na mwaka 2024 kikomo kiliongezwa hadi nyumba 10 kwa shamba moja. Ati huko ndiko kuokoa maghala! Ghala lililotobolewa madirisha kila upande, sakafu yake ya kupuria ikakatwa vyumba vya kulala, limebakiwa na ganda tu.

Basi mpimaji apelekwe kabla ya uamuzi, akiwa bado na uwezo wa kusema hapana. Leo mara nyingi huitwa baada ya kibali kutoka, kama mwosha maiti, na mzee aliyepanga humo marobota ya majani makavu ujanani mwake hajaulizwa neno.