Wale ni Nani?

Eti Kiswahili ni cha kuamkia shangazi na kugombezwa tu? Hadithi za anga za juu na mauaji lazima ziwe za Kiingereza? Basi tafuteni *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya 1995. Dzombo amehukumiwa kifo. Anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Hafi ng'o! Anafika Walenisi, kwenye jamii ya usawa.

Bwana Msa, kwenye *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), humsaka muuaji. Hapa hakuna cha kusaka: anayeua ni serikali, tena kwa hukumu. Mkangi aliyajua hayo. Enzi za Moi aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Fumbo limo kwenye jina. Lisome polepole, kwa sauti: wale-ni-sisi. Huhitaji kamusi, sikio la nyumbani latosha.

Mlio DMV, Library of Congress ina ofisi Nairobi inayokusanya vitabu vya kwetu. Kuanzia miaka 16, kadi ya msomaji ni bure. Ulizeni pale jengo la Jefferson, halafu mtuambie: wale ni sisi kweli?