Maoni: Kasindi, somo la informatiki lisingoje umeme

Katika shule nyingi za sekondari za eneo la Beni, Kasindi-Lubiriha ikiwa ndani, somo la informatiki linafundishwa bila mashine. Mwalimu anaandika kwenye ubao: ordinatere ni nini, sehemu zake ni zipi, kibodi ina kazi gani. Mwanafunzi ananakili. Siku ya mtihani anarudisha maneno yale yale kwenye karatasi, anapata alama, na kazi imekwisha. Anaweza kufika hadi mtihani wa Serikali bila kuelewa hata jambo moja linalofanyika ndani ya ile mashine aliyoisomea miaka kadhaa.

Sababu inayotolewa inajulikana: mashine hazipo, umeme haupo, esansi ya jenereta ni ghali. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini imegeuka kuwa mto wa kulalia. Mzazi anayeuza ndizi kwenye soko la mpakani ili alipe minervali ana haki ya kuuliza: je, kweli hakuna chochote cha maana ambacho mtoto angeweza kujifunza kwa chaki tu?

Kipo. Ni namna kompyuta za zamani za biti 8 zilivyopangiwa kazi kwa lugha ya asembleri, na zaidi ya yote namna ya kuandika mzunguko, ile ambayo walimu wetu wanaiita bukle: kazi moja inayorudiwa mara nyingi hadi hesabu itimie.

Wenye umri wa kutosha wanazikumbuka mashine za michezo za Kichina zilizofungwa kwenye televisheni, zenye kaseti ya rangi ya manjano. Nyingi kati yake zilikuwa nakala za mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, na ndani mlikuwa na prosesa ya ukoo wa 6502. Chipu hiyo ilitoka Marekani mwaka 1975 kwa bei ya dola 25, wakati washindani waliuza za kwao kwa zaidi ya dola mia moja. Ndiyo iliyoendesha Apple II ya 1977, na ndugu yake akaendesha Commodore 64 ya 1982. Ina sehemu tatu tu za kushikia namba wakati wa kazi: A, X na Y. Kila moja inabeba namba kuanzia 0 hadi 255, basi. Mashine ndogo hivyo inaenea yote kwenye ubao mmoja. Kompyuta ya leo haiwezi kuenea hapo.

Tuchukue mfano wa kazi ambayo kila mkaaji wa Kasindi anaijua. Lori limefika kutoka Uganda na mifuko 100 ya unga. Mbeba mizigo wa kwanza anashusha mfuko, anaongeza moja kwenye hesabu, kisha anakwenda kwa karani kuuliza: «Imefika mia?» Bado. Anarudi. Mbeba mizigo wa pili amepewa vijiti 100 mkononi tangu mwanzo. Kila mfuko akishusha anatupa kijiti kimoja. Mkono ukibaki mtupu, kazi imekwisha. Hana haja ya kumuuliza mtu.

Prosesa ya 6502 inafanya kazi hivyo hivyo. Ukiiambia ihesabu kwa kupanda, inahitaji amri tatu kila mara: INX ya kuongeza moja, CPX ya kulinganisha, na BNE ya kurudi mwanzo. Hizo zinakula mapigo 2, 2 na 3 ya saa ya mashine, jumla 7. Ukiiambia ihesabu kwa kushuka hadi sifuri, amri mbili zinatosha: DEX ya kupunguza moja na BNE ya kurudi. Jumla mapigo 5, kwa sababu mashine yenyewe inajua namba ilipofika sifuri. Kwa mifuko 100, ni karibu mapigo 500 badala ya 700. Kazi ni ile ile, jasho limepungua.

Sasa tuongeze chukudu. Skrini ya Commodore 64 ina nafasi 1000 za maandishi, yaani mistari 25 yenye herufi 40. Kuifuta ni kuandika nafasi tupu mara 1000. Kwa kuwa X haiwezi kupita 255, eneo linagawanywa mafungu manne ya 250. Ukimaliza fungu moja ndipo uanze lingine, kila nafasi inakula mapigo 10: matano ya kuandika, mawili ya kupunguza, matatu ya kurudi. Jumla ni 10,000. Lakini ukigusa mafungu yote manne katika safari moja, kama chukudu inayobeba mifuko minne kwa mara moja, safari nzima inakula mapigo 25, na safari ni 250 tu. Jumla inakuwa 6,250.

Tofauti hiyo si mchezo wa namba. Mashine hiyo ilikuwa na karibu mapigo milioni moja kwa sekunde, na televisheni za Ulaya zilichora picha mara 50 kwa sekunde. Kila picha, basi, ilikuwa na mapigo karibu 20,000 tu. Njia ya kwanza inakula nusu ya muda huo. Ya pili inakula chini ya theluthi moja, na muda unaobaki unatumika kusogeza mchezaji na kutoa sauti.

Hata hivyo, si kila faida ni ya bure, na hilo pia ni somo. Z80, prosesa nyingine maarufu iliyotoka mwaka 1976, ina amri moja ya kuhamisha data, LDIR, inayojirudia yenyewe. Inachukua baiti 2 tu za kumbukumbu, lakini inakula mapigo 21 kwa kila baiti inayohamishwa. Ukiandika amri ndogo LDI mara nyingi mfululizo, kila baiti inakula mapigo 16. Unakwenda haraka zaidi, lakini LDI 100 zinajaza baiti 200. Chukudu kubwa inaomba njia pana. Mwanafunzi anayepaswa kuchagua kati ya muda na nafasi, na kutetea uchaguzi wake kwa hesabu, amekwisha kuanza kufikiri kama fundi.

Somo lote hili linahitaji nini? Ubao, chaki na konzi moja ya maharage. Mtoto mmoja anakuwa X na anashika maharage matano. Mwingine anasoma amri kwa sauti. DEX: ondoa moja. BNE: kama mkono haujabaki mtupu, rudi juu. Wa tatu anajumlisha mapigo kwenye ubao. Kisha mwalimu anauliza swali gumu: mkono ukiwa mtupu tangu mwanzo, kitatokea nini? Darasa litasema mashine itasimama. Hapana. Ukitoa moja kwenye 0, mashine ya biti 8 inapata 255, na mzunguko unaendelea hadi mara 256. Kosa la namna hiyo limo ndani ya Pac-Man, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1980 uliotumia Z80. Mchezaji akifika hatua ya 256, hesabu inarudi sifuri, na nusu ya skrini inajaa takataka.

Wapo watakaosema hii ni elimu ya makaburi. Wana hoja. Kampuni iliyotengeneza Z80 ilitangaza mwaka 2024 kwamba inasimamisha chipu hiyo baada ya miaka 48. Hakuna kazi Beni ao Butembo inayomngoja mtu kwa sababu anajua DEX. Tena, leo programu za kutafsiri lugha za kompyuta zenyewe zinapanga mizunguko vizuri kuliko watu wengi. Na mzazi akisema mtoto wake anahitaji kwanza kujua kuandika barua na kupanga hesabu ya duka kwenye kompyuta, anasema kweli.

Lakini biti 8 haijafa. Kadi ya Arduino Uno, ambayo wanafunzi duniani wanaitumia kujifunza, inaendeshwa na chipu ya biti 8 yenye baiti 2,048 tu za kumbukumbu ya kazi. Chipu ndogo za aina hiyo zinaendelea kuwekwa katika vifaa vya bei nafuu, hata katika vidhibiti vya pano za jua. Huko, amri zilizopungua ni batri iliyookolewa: chipu ikimaliza kazi mapema inalala, na ikilala inakula umeme kidogo sana. Katika mji ambamo nyumba nyingi zinategemea pano na batri, nani anahitaji kujua hayo kuliko kijana wa hapa? Leo kidhibiti kikiharibika, kinatupwa na kingine kinanunuliwa ng'ambo ya mto Lubiriha. Tutaendelea kununua hadi lini?

Hakuna anayeomba shule ziache kudai mashine. Serikali ina deni hilo, na walimu pamoja na shirika la raia waendelee kulidai. Kinachoombwa ni kwamba muda wa kungoja usiwe muda wa kulala. Wakuu wa shule za Kasindi wanaweza kutenga saa moja kwa wiki. Vyuo vinavyofundisha informatiki karibu nasi, kama UCBC ya Beni, vinaweza kutuma wanafunzi wao kuwaandaa walimu wakati wa likizo. Na penye simu moja yenye chaji, kuna programu za bure zinazoiga Commodore 64 bila kuhitaji intaneti kila siku. Jioni darasa linaweza kujaribu kwenye simu kile kilichohesabiwa asubuhi kwa maharage.

Haba na haba hujaza kibaba. Mapigo mawili yaliyookolewa katika kila mzunguko ni kitu kidogo, lakini mtoto aliyeyahesabu mwenyewe hatarudi kunakili tu. Atauliza mashine inafanya nini, kwa nini, na kwa gharama gani. Swali hilo halihitaji umeme. Linahitaji mwalimu aliye tayari kuliuliza.