Kolera ya Fizi haimo katika hesabu ya matajiri

Asubuhi huko Baraka, bidoni za njano zinashuka ziwani kama zamani. Kolera iko kando ya Tanganyika tangu miaka ya 1970. Wakaaji wanauliza: miaka yote hiyo, makampuni yenye kutafuta dawa yako wapi?

Yako, lakini pesa yao inaenda kwingine. Ripoti ya kila mwaka ya Umoja wa Ulaya inaonyesha kwamba, kwa makampuni yanayotoa pesa nyingi zaidi kwa utafiti, zaidi ya robo tatu inaingia katika sekta ine tu: vifaa vya elektroniki, programu na intaneti, afya, na magari. Alphabet, wenye Google, peke yao walitumia zaidi ya dola bilioni 40 mwaka 2023.

Mtu atasema: afya si iko ndani? Iko. Ila hata humo pesa inafuata mwenye kulipa: kansa, kisukari, unene. Mgonjwa wa Fizi hanunui chanjo ya kolera. Wafadhili ndio wananunua, kwa bei isiyofika dola mbili kwa dozi. Tajiri gani atakimbilia hapo?

Ndiyo maana chanjo hii ya kumeza haikuanzia kwa kampuni kubwa. Vietnam, inchi maskini wakati ule, ilijitengenezea yake miaka ya 1980. Taasisi ya kimataifa ya chanjo huko Seoul ikairekebisha kwa pesa za misaada, ndipo kiwanda kimoja cha India, baadaye mali ya Sanofi, kikaanza kuitoa. Kisha kikaacha. Kwa muda ikabaki EuBiologics ya Korea ya Kusini peke yake. Dozi zilikuwa zimeshapungua: mwezi wa 10 mwaka 2022, OMS na wenzake walikata dozi mbili kuwa moja wakati wa mlipuko.

Dozi moja inatosha? Jibu lilitafutwa hapo jirani, Uvira, kwa wakaaji waliochanjwa mwaka 2020. Matokeo ya 2024: ulinzi wa asilimia 53 hivi kati ya mwezi wa 12 na wa 17 baada ya chanjo, na bado asilimia 45 baada ya miaka miwili.

Maji safi, yenyewe, hayangoji utafiti. Miji ya Ulaya iliifukuza kolera kwa mabomba kabla ya chanjo hizi. Bomba la Baraka haliko maabara. Liko katika bajeti ya serikali na ya wafadhili.